Cheti cha watuma imeili nyingi: kinathibitisha nini hasa, na kwanini hakikununulii inboksi

Tangu Google na Yahoo walivyobana masharti ya kutuma imeili Februari 2024, na Microsoft nao wakaja na yao Mei 2025, kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu wa utalii hapa Arusha kuna swali haliishi: imeili zetu zinaangukia spamu, tufanyeje? Majibu yanamiminika, mengi ya kusikia kwa jirani. Mmoja anasema kuna cheti unalipia, ukishakuwa nacho unaingia inboksi moja kwa moja. Mwingine anasema hicho cheti kinatoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Mwingine anabisha, dawa ni ile tiki ya bluu kama ya Instagram. Alafu humo humo katikati anachomoza jamaa na biashara yake: "Bosi, nina Wajerumani wapenda safari elfu arobaini, imeili zote ziko laivu, bei maelewano."

Ni vitu vinne tofauti ila kila mtu anavichanganya, na huyo wa mwisho ndo wa kumkimbia kabisa, tutamfikia.

Kwanza tuelewane. Imeili za mkupuo ni ujumbe uleule, au unaofanana, unaoutuma kwa watu wengi kwa pamoja: ofa ya kipindi cha masika, bei mpya za Serengeti, salamu za Krismasi kwa wageni wa zamani. Kotesheni uliyomwandikia mgeni mmoja aliyekuuliza bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame siku saba haimo humo. Spamu nayo watu wanadhani ni imeili ya kitapeli tu, ile ya mtu aliyeachiwa urithi wa mamilioni anatafuta wa kumsaidia kuutoa benki, lakini wanaopambana nayo kila siku wana kipimo kifupi zaidi: ni imeili ya mkupuo ambayo mpokeaji hakuiomba. Basi. Spamhaus, ambao wanatunza orodha za watumaji wabaya tangu 1998, wanashikilia hivyo hivyo, hawaangalii umeandika nini ndani, wanaangalia kama uliruhusiwa kuandika. Kwa hiyo kampuni halali kabisa, ina leseni, ina magari, ina madereva wanaolipwa vizuri, inaweza kuwa spama bila kumtapeli mtu hata senti. Spamu ya kwanza inayojulikana ilikuwa ya namna hiyo: Mei 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya DEC kule Marekani, aliwatangazia watu kama 400 kompyuta mpya, na kompyuta zenyewe zilikuwepo kweli, ila hakuna aliyemuuliza.

Sasa shika hili kwa sababu ndo linafungua mengine yote. Wenye inboksi, yaani Gmail, Yahoo, Outlook, na kwa Wajerumani GMX na Web.de, wanapopokea imeili yako wana maswali mawili. La kwanza: wewe ni nani kweli? La pili: huyu unayemwandikia, alikubali umwandikie? Mafundi wetu wengi wa mtandao wanakutengenezea jibu la swali la kwanza, wanachukua hela yao, wanakwambia "bosi tayari", na wewe unaondoka ukijua umemaliza. Umemaliza nusu.

Hilo la kwanza lina vifupi vyake vitatu vinavyotisha watu bure. SPF ni orodha unayoiweka kwenye domeini yako (lile jina linalofuata baada ya @) ikitaja seva zipi, yaani kompyuta za kutuma imeili, zinaruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ni sahihi ya kidijitali inayogongwa kwenye kila imeili, ujumbe ukichezewa njiani sahihi inagoma. DMARC inaziunganisha hizo mbili na lile jina la mtumaji ambalo msomaji analiona, na inawaambia wenye inboksi wafanye nini mambo yasipolingana: waipitishe, waitupe spamu, au waikatae mlangoni. Mstari wenyewe ni mfupi, mdogo kabisa unasomeka v=DMARC1; p=none, na hiyo p=none maana yake angalia tu usizuie. Google saivi wanaikubali hata hiyo, ilimradi ipo.

Ukitaka kujua yako ikoje huhitaji fundi. Jitumie imeili kutoka ofisini kwenda kwenye Gmail yako binafsi, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vile vidoti vitatu vya pembeni, chagua kuona imeili ya asili. Juu kabisa utakuta kajedwali kadogo, kana mistari ya SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila mmoja inatakiwa iandikwe PASS. Ukiona FAIL, au mstari mmoja haupo kabisa, hapo ndo umpigie fundi.

Na hapa kuna kitu kinawaumiza ofisi ndogo kuliko vyote. Kampuni ina tovuti nzuri tu ila imeili yake ni jina la kampuni alafu gmail.com. Kwa kumjibu mgeni mmoja mmoja haina shida, ila ukiichukua hiyo anwani ukaipeleka kwenye programu ya kutuma mkupuo, imeili inatoka kwenye seva isiyo ya Google ikijiita ya gmail.com, na Gmail kwenye yale masharti walisema wazi kwamba anayejifanya gmail.com asishangae imeili zake zikikwama. Huwezi kuweka DKIM wala DMARC kwenye domeini ambayo siyo yako. Nunua domeini yako, ya .co.tz au .com, ndo uanze kuongea habari za mkupuo.

Lakini hata ukiwa na PASS tatu, spama naye anazo. Anasajili domeini leo asubuhi, anaweka zote tatu sawasawa, mchana anaanza kumwaga. PASS inasema huyu ni yeye kweli, haisemi ni mtu mzuri.

Tuje kwenye idhini sasa, maana hapa ndo penye mzozo.

Mgeni amejaza fomu kwenye tovuti yako anauliza bei ya Lemosho, njia nyingine ya kupanda Kilimanjaro. Amekupa ruhusa ya kumjibu kuhusu Lemosho. Hajakupa ruhusa ya kumtumia ofa za Zanzibar kila Jumatatu mpaka azeeke. Ukitaka hiyo ya pili weka kwenye fomu kiboksi kinachosema wazi atatumiwa ofa, na kiboksi kiwe wazi, akitiki mwenyewe, usimtikie. Wanaofanya vizuri zaidi wanaongeza hatua moja: baada ya kujaza fomu mtu anatumiwa imeili fupi yenye linki, asipoibonyeza haingii kwenye listi. Hiyo inaitwa kuthibitisha mara mbili, na Ujerumani ndo utaratibu uliozoeleka kwa sababu sheria yao inataka uweze kuonyesha kwamba mtu alikubali. Watu wananung'unika kwamba inapunguza listi. Ndiyo inapunguza, inawapunguza walioandika imeili ya uongo, waliokosea herufi, na wale ambao rafiki yao aliwajazia kwa utani.

Kadi za biashara je? Maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair yakiisha Juni kila ofisi inarudi na bahasha imejaa kadi, na kesho yake kijana wa ofisi anakaa anazichapa moja moja kwenye Excel, zote zinaingia kwenye listi. Wakala wa Munich aliyekupa kadi yake alitaka muongee, pengine alikupa kwa adabu tu, ulimsimamisha naye hakuwa na namna. Mwandikie yeye, kwa jina lake, kumbusha mlichoongea, muulize kama anataka kupokea bei zako zikibadilika. Akijibu ndiyo, muweke. Akinyamaza, amejibu.

Mgeni aliyekwisha safiri na wewe ana unafuu. Ulaya sheria zinaruhusu kumwandikia mteja uliyemuuzia, kuhusu huduma zinazofanana na aliyonunua, ilimradi ulimpa nafasi ya kukataa tangu ulipochukua anwani yake na unampa tena kwenye kila ujumbe. Aliyepanda Kilimanjaro na wewe unaweza kumwambia kuhusu Meru. Sheria inakulinda hapo, ila kumbuka Gmail siyo mahakama, na mgeni akichoka na wewe kidole chake kiko karibu na kile kitufe cha spamu.

Na listi ya elfu arobaini? Hakuna hata mtu mmoja humo aliyesikia jina lako. Muuzaji anaweza kukuapia kwamba "wote walikubali", sawa, walimkubalia nani? Idhini haihamishiki hivo, mtu hawezi kukubali kupokea barua za kampuni asiyoijua. Alafu listi za namna hiyo huwa zimechanganyika na anwani za mtego: nyingine hazijawahi kuwa na mwenyewe, zimewekwa kwenye kurasa za mtandao ili zinaswe na programu za kukusanya imeili, nyingine zilikuwa za watu, zikafungwa miaka, zikafufuliwa kwa kazi hiyohiyo. Hakuna binadamu wa kusoma pale, ikifika imeili yako pale wenye mtego wanajua kitu kimoja tu, kwamba hukuomba ruhusa. Hela umetoa, domeini uliyoijenga miaka unaichafua kwa jioni moja.

Hesabu za Google ziko hivi. Anayetuma imeili karibu 5,000 au zaidi kwa siku moja kwenda kwenye akaunti binafsi za Gmail ni mtumaji mkubwa, na ukishafika hapo mara moja jina halikutoki hata ukipunguza. Lazima uwe na SPF, DKIM na DMARC, imeili za matangazo ziwe na kitufe cha kujitoa kwa kliki moja, na aliyejitoa umtoe ndani ya siku mbili. Malalamiko, yaani watu wanaobonyeza "hii ni spamu", yasifike asilimia 0.3, na wanakushauri ubaki chini ya 0.1. Hii ya malalamiko inawahusu hata wadogo. Na usidanganyike na hizo sufuri, 0.3 ni watu watatu kwenye elfu moja. Imeili elfu mbili zimefika inboksi, watu sita wamekasirika, uko kwenye mstari mwekundu. Watu sita! Ndo maana mimi hicho kitufe cha kujitoa nakiona ni rafiki wa mtumaji, mtu asipouona mlango wa kutokea anabonyeza spamu, na hiyo inakuhesabia.

Sasa ndo cheti. Cheti cha mtuma imeili kinatolewa na taasisi binafsi ambazo wenye inboksi wamekubali kuzisikiliza. Inayojulikana sana Ulaya ni Certified Senders Alliance, CSA, iliyoanzishwa 2004 na chama cha makampuni ya intaneti ya Ujerumani, eco, chenye makao Cologne, pamoja na chama cha wafanyabiashara wa matangazo ya moja kwa moja, DDV. Marekani kuna cha Validity, kampuni iliyoinunua Return Path mwaka 2019. Unaomba, wanakagua upande wa sheria na upande wa ufundi: idhini unaipataje na ushahidi uko wapi, kujitoa kukoje, mtumaji anajitambulisha vipi, sahihi ziko sawa. Ukipita unaingia kwenye orodha ambayo wenye inboksi washirika wanaiangalia, Web.de na GMX wakiwemo kwa CSA, na imeili zako hazikwami kwenye vichujio kirahisi.

Ila ukaguzi wa mwanzo ndo sehemu ndogo, na watu wa mlimani hili watalielewa haraka. Hapo Moshi kuna KPAP, mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro. Kampuni gani ya kupandisha wageni haijaandika kwenye tovuti yake kwamba inawajali wapagazi? Zote zimeandika. KPAP hawaishii kusoma tovuti, wanawauliza wapagazi waliotoka mlimani: ulilipwa ngapi, ulikula mara ngapi kwa siku, hema lilikuwaje, tipu ilifika mkononi au iliishia njiani? Na wanauliza tena safari nyingine, na nyingine. Cheti cha imeili kinaenda kwa mtindo huo. Anayekupima ni yule aliyepokea. Malalamiko yanahesabiwa, mitego inaangaliwa, eco wana ofisi kabisa ya kupokea malalamiko ya watu, na ukizidisha unaonywa, ukiendelea unatolewa. Ada unalipa ndiyo, ila ada inalipia kukaguliwa.

Uvumi wa kwamba hela inanunua inboksi nao una asili yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na Bonded Sender, mtumaji anaweka dhamana ya fedha, watu wakilalamika dhamana inakatwa, mimi naona ile ilikuwa na akili. Kulikuwa na Habeas, hao waliweka kishairi chenye hakimiliki ndani ya imeili, ukikitumia bila ruhusa wanakushtaki kwa wizi wa shairi, na maspama wakakiiga vilevile. Alafu 2006 ikaja Goodmail, ikishirikiana na wenye inboksi AOL na Yahoo, ambapo kampuni ililipa kwa kila imeili na ikapata alama ya kuaminika. Watetezi wa haki za mtandao Marekani wakapiga kelele kwamba ni ushuru wa imeili, wenye nacho wapite, asasi ndogo zikwame. Goodmail ikafunga 2011. Na Google leo wameandika waziwazi kwamba hawapokei maombi ya kuwekwa kwenye orodha ya wanaopitishwa. Kwa hiyo anayekuuzia cheti cha kuingia Gmail anakuuzia hewa.

Tiki ya bluu kwenye Gmail ipo tangu Mei 2023, inaendana na logo ya kampuni kutokea pembeni ya jina. Kuipata unahitaji DMARC kali, siyo ile ya p=none, logo iliyosajiliwa kama alama ya biashara, na kampuni maalumu ya kukuthibitishia. Inasema hii logo ni yao kweli. Kuhusu idhini haisemi neno, ni jibu la swali la kwanza tena, limevaa suti.

TCRA hawahusiki na inboksi za Gmail wala Web.de. Nadhani mkanganyiko unatokana na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya na kuchakata taarifa za watu ajisajili kwao, na anapewa cheti. Jisajili, ni sheria, una pasipoti na imeili za wageni kwenye kompyuta yako. Ila hakuna seva Ujerumani inayokisoma hicho cheti. Ukiacha hiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishasema tangazo la biashara lisiloombwa halitumwi hovyo: mtu awe amekubali, ujitambulishe mwanzoni, na umpe nafasi ya kukataa. Wanaosema "mbona Marekani sheria inaruhusu" wanamaanisha ile ya 2003, CAN-SPAM, na ni kweli haidai idhini kabla, inadai anwani ya posta ya kweli na kumtoa aliyejitoa ndani ya siku 10 za kazi. Kutoshtakiwa ni kimoja, kupokelewa ni kingine. Gmail ana haki ya kukuweka spamu hata kama hujavunja sheria yoyote.

Sasa ofisi ya magari manne pale Kijenge inahitaji CSA? Hapana. Vyeti hivi wanavibeba zaidi wenye majukwaa (programu) ya kutuma imeili za mkupuo na makampuni yanayotuma mamilioni. Wewe ukichagua jukwaa waulize wana cheti gani, na waulize wanafanyaje na mteja anayepakia listi ya kununua. Wakikujibu "hatuna shida, pakia tu", ondoka, maana utashea seva na huyo jamaa wa elfu arobaini.

Na ile Excel ya wageni tangu 2012, usiitume yote kwa siku moja. Anza na waliosafiri na wewe miaka miwili iliyopita, hao wanakukumbuka hata kwa jina la mwongoza wageni wao. Anwani zilizorudi na ujumbe kwamba hazipo zifute papo hapo, usizijaribu tena. Waliouliza bei tu 2015 wakapotea, waache walipo. Kisha fungua Postmaster Tools ya Google, ni bure, inakuonyesha asilimia ya malalamiko kama unatuma za kutosha kwenda Gmail, iangalie baada ya kila mkupuo. Ikikaribia 0.1 simamisha, tafuta ni kundi lipi linalalamika, na anzia kwenye zile kadi za maonyesho.